Shemize Mbili

Wanaume waliokuwa wakiuosha mwili wa Papa Mudogo, mdogo wa baba yangu, walifungua mlango kidogo, mmoja akatoa kichwa na kuuliza kama kwetu kuna shemize nyeupe. Za marehemu zote zilikuwa zimekwisha shingoni, na mtu aliyesoma masomo kanisani miaka yote ile asingeweza kuzikwa na kola iliyochanika. Nikasema iko moja. Nikaenda nyumbani, nikafungua sanduku la bati la baba yangu, na kabla mkono haujafika chini harufu ikanipiga: naftalini, bati lenye kutu, na nyuma yake, hafifu lakini palepale, mazutu, ile dizeli ya moteri. Nikakaa kitandani kwanza. Watu walikuwa wananingoja.

Kwetu shati tunaliita shemize. Na fundi wa moteri naye ana shemize yake: lile bomba nene la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka. Neno ni moja, limetoka kwa Wafaransa, na watu wengi wanaishi nalo bila taabu. Mimi lilinipa aibu mbili nikiwa mtoto. Ya kwanza niliicheka baadaye pamoja na wengine. Ya pili bado naibeba.

Papa alikuwa na mashini ya kusaga pale Nyamitaba, chini ya barabara, karibu na mahali wachungaji wanapoteremsha maziwa asubuhi. Moteri yake ilikuwa ya mazutu, ya pistoni moja, nzito kama fahali aliyelala, na gurudumu kubwa pembeni ambalo Papa alilizungusha kwa manivela, ule mpini wa chuma, huku akiuma midomo. Ikishika, kilima kizima kilisikia. Wanawake waliokuwa bado wanapukuchua mahindi walisema, "Mashini imeamuka," wakafanya haraka. Mimi na wadogo zangu, Mapendo na Jeremi, tulikuwa tunajulikana kwa unga: ulikaa kwenye nyusi zetu hata siku za Jumapili.

Mama alitangulia, kwa ugonjwa. Papa akamfuata kabla mahindi hayajarudi shambani. Nilikuwa darasa la tano. Sare yangu ikaenda kwa Mapendo, tukaikunja pindo, na mimi nikabaki nyumbani na sufuria. Sikulia kwa ajili ya shule. Nililia kwa ajili ya mashini, maana wiki za mwisho za Papa moteri nayo ilikuwa imeanza kukohoa. Ilitoa moshi wa buluu, ikanywa mafuta kama mtu mwenye homa, ikapoteza nguvu katikati ya debe la mahindi, halafu siku moja ikazima na kukataa. Papa hakuinuka tena kuitengeneza.

Siku ya kumaliza kilio, wakubwa wa ukoo waliketi uani kutugawanya. Shangazi, dada ya Papa, alikuwa ametoka Buleusa na angerudi na Mapendo. Papa Mudogo, ndugu aliyemfuata Papa kwa kuzaliwa, angemchukua Jeremi achunge ng'ombe wachache waliobaki baada ya kundi lake kuchukuliwa wakati wa vita. Mimi ningepelekwa kwa upande wa Mama, kwa watu niliowaona mara chache. Moteri ingeuzwa kama chuma kibovu. Aliyekuwa akisema hayo ni Papa Mudogo. Alikuwa mtu mwembamba, mnyamavu, shemize yake nyeupe imefungwa mpaka koo hata kwenye jua, na kila alipotaka kusema jambo zito aligusa kile kifungo cha juu, kana kwamba maneno yanapita pale.

Nilisimama katikati ya wakubwa nikasema hapana.

"Hapana nini?" akauliza.

"Hatutagawanywa. Mashini itatulisha."

"Mashini imekufa, mutoto."

"Haiyakufa. Inakohoa tu."

Wengine walicheka puani. Shangazi hakucheka. Alinitazama, akamtazama Mapendo aliyekuwa ameshika sketi yangu kwa mikono yote miwili, akasema, "Mumuachie kwanza. Tungoje mahindi mapya. Mashini ikisaga, batoto babakie hapa, weye ndugu yangu utakuwa unabaangalia. Isiposaga, kila mutu atakamata wake, na hakuna mwenye kulia."

Papa Mudogo aligusa kifungo chake, akakubali. Mimi nilimwona kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Kuanzia siku ile niliamini kwamba anaomba moteri isiamke.

Fundi aliitwa Bahati. Alitembea kilima kwa kilima na mfuko wa funguo mgongoni, na mdomo wake ulifika kabla yake. Siku aliyokuja kufungua moteri, watu walijaa kama kwenye harusi: wanawake na mabeseni yao, wachungaji na vigudulia vyao, watoto waliotoka shule. Alitoa kulasi, kile kifuniko cha juu, akaingiza mkono ndani mpaka kiwiko, akafumba macho kama mkunga. Halafu akajifuta na kusema kwa sauti ya kila mtu:

"Moteri hii iko muzima! Njo shemize tu imekwisha. Ile papa yenu alivalisha, imekwisha kabisa. Muko na shemize yake ingine? Muende mulete, nione."

Niliondoka mbio.

Mtu wa leo atashangaa, lakini moyoni mwangu jambo lile lilikuwa wazi. Msimu uliopita ng'ombe mmoja wa Papa Mudogo alikuwa amefiwa na ndama, akakataa kukamuliwa. Wachungaji walichukua ngozi ya yule ndama, wakamwekea mbele yake. Ng'ombe akainusa, akailamba, na maziwa yakashuka. Niliona kwa macho yangu. Kwa hiyo fundi aliposema moteri inahitaji shemize ya Papa, nilielewa mara moja: moteri ilikuwa imezoea mikono yake, ilikuwa imefiwa kama sisi, na sasa ilitaka kunusa. Nikafungua sanduku la bati. Nguo zake zote za kazi zilikuwa zimegawiwa. Ilibaki moja tu, nyeupe, aliyomwoa nayo Mama, nzito, yenye vifungo vya mfupa. Niliileta kwa mikono miwili, kama wanavyoleta sadaka.

Watu walinyoosha shingo waone. Halafu Fundi Bahati akacheka, akacheka mpaka akaketi juu ya gurudumu, machozi yakachora mistari kwenye mafuta ya uso wake.

"Yezu wangu! Muangalie! Moteri inaenda kuoa!"

"Mutafute na kravate!" akasema mwanamke mmoja.

"Na viatu! Itaingia kanisani miguu wazi?"

Mtu fulani aliichukua mikononi mwangu, mwingine akaiinua juu ili walio nyuma waone, na shemize ya baba yangu ikapita juu ya vichwa ikipunga mikono yake. Sikujua ninachekwa kwa nini. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Watoto wa darasa langu walicheka nao, na nikafikiri: wamekwisha kufundishwa neno hili baada ya mimi kutoka.

Papa Mudogo ndiye aliyeishika na kuishusha. Hakucheka. Aliikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, akanirudishia. Lakini alipokuwa akinirudishia aliwageukia wengine, akasema, "Munaona? Huyu njo munasema atachunga mashini."

Kwa muda mrefu nilikumbuka maneno yale tu. Ile mikunjo sikuikumbuka.

Kesho yake Fundi Bahati aliniita. Nadhani usiku alikuwa ameona haya kidogo, ingawa hakuacha kuniita Mama Shemize. Alikuwa amekwisha kulitoa lile bomba la chuma, akaliweka magotini mwangu. Lilikuwa zito kuliko Jeremi alipozaliwa.

"Hukukosa sana," akasema. "Sikia. Pistoni iko muntu. Hii njo nguo yake. Nguo ikiwa kubwa, muntu anasikia baridi, anatetemeka, moshi inatoka. Ikiwa ndogo, anakosa pumuzi, anakwama mule mule anakufa. Inafaa imushike kidogo, imuachilie kidogo. Umesikia?"

"Nimesikia, Fundi."

"Pitisha ukucha huku juu, ndani."

Nikapitisha. Ukucha ukakwama kwenye ngazi ndogo, laini, mahali pistoni ilipokuwa ikigeukia miaka yote ile.

"Hiyo ngazi, papa yako njo aliichimba, debe kwa debe. Shemize yenye ngazi, uachane nayo." Akaitundika kwenye kidole, akaigonga kwa bolti. Ikalia kwa urefu, kama kengele ya kanisa iliyo mbali. "Hii imekula umri, lakini haiyapasuka. Yenye kupasuka inalia kama sufuria." Kisha akatoa segma mpya kwenye karatasi yake ya mafuta, pete nyembamba inayofungwa kwenye pistoni, akaiingiza ndani ya bomba na kuniambia niangalie mbinguni. Kati ya pete na chuma mwanga uliingia kama nusu mwezi. "Inafaa mwezi mwembamba tu. Ukiona jua hapo, ni kubwa. Usione jua."

Alinirudishia somo hilo mara nyingi, kesho na keshokutwa, mpaka kidole changu kikajua chenyewe. Alisema kule Mpofi, upande wa msitu, kuna ndugu ya moteri yetu: imelala kwa mjane mmoja, Mama Furaha, tangu mume wake alipokufa, na ilikufa kwa ugonjwa mwingine, kwa hiyo huenda shemize yake ni nzima. Yeye mwenyewe hangeweza kwenda. "Niko na moteri ya muntu nimeipasua tumbo. Siwezi kuacha matumbo inje. Muende na Papa Mudogo. Lakini kupima, weye njo utapima. Yeye haraka itamukamata."

Tulibeba pistoni ya Papa, ile shemize iliyochakaa kwa kulinganisha, na segma mpya. Chini ya kikapu changu, ndani ya mfuko wa plastiki, niliweka shemize ya kitambaa. Fundi alikuwa amenieleza, na nilikuwa nimeelewa. Lakini nilikuwa sijaamini kabisa. Nilifikiri: kama moteri ikikataa ile ya chuma, hii itakuwa karibu.

Papa Mudogo alitembea mbele. Tulitoka kwenye vilima vya majani na baridi, mahali ng'ombe wanatoa moshi puani asubuhi, tukashuka mpaka miti ikafunga barabara pande zote na hewa ikawa nzito na ya joto. Mahali pengine tulipata pikipiki, mahali pengi matope yalikataa pikipiki. Watu walimsalimia: alijulikana mpaka kule kwa sauti yake ya kusoma. "Jambo, Papa Katekista." Aliwajibu wote, akauliza habari za wagonjwa wao kwa majina. Jioni aliomba maji mahali tulipolala, akafua shemize yake, akaining'iniza juu ya moto ili ivaliwe asubuhi. Nyingine zilikuwa zimebaki kule tulikokimbilia wakati wa vita. Sikulifikiria hilo. Niliona tu mzee anayependa usafi kupita kiasi.

Mpofi tulianza na mfanyabiashara wa sokoni, kwa sababu Papa Mudogo alimwona wa kwanza. Alikuwa na shemize mpya kabisa, inang'aa, imefungwa kwenye karatasi ya kiwanda.

"Ya orijini!" akaapa. "Papa, angalia tu vile inawaka. Utaona sura yako ndani."

Papa Mudogo aliona sura yake ndani. Akashusha pumzi kama mtu aliyefika. "Njo hii. Tukamate, turudi."

"Nipime kwanza," nikasema.

"Mutoto mwanamuke anapima shemize!" akacheka mfanyabiashara. "Weye pima kitenge, sha."

Nikaitundika kidoleni, nikaigonga. Ililia kifupi, kavu. Nikaingiza segma, nikainua juu. Kulikuwa na jua. Si mwezi: jua. Nikamwonyesha Papa Mudogo, naye akaweka jicho pale, akakaa nalo. Akaigusa ile karatasi nzuri ya kiwanda. Kisha akairudisha shemize mezani taratibu. Nilidhani amekasirika kwa sababu nimeharibu njia yake ya haraka ya kushindwa. Sasa najua uso ule. Ni uso wa mtu aliyeona ni kiasi gani alikuwa karibu kukosea, na hakuna wa kumshika mkono isipokuwa mtoto.

Mama Furaha alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa, anamenya mihogo mbele ya nyumba. Moteri ya marehemu mume wake ilikuwa imelala nyuma ya jiko, kuku wametaga kwenye gurudumu lake. Fundi wa pale alikuwa amekwisha kuifungua zamani. Shemize ilikuwa imepakwa grisi na kufunikwa gunia. Nilipitisha ukucha: ngazi ilikuwa karibu haipo. Nikaigonga: ikaimba mpaka nikaisikia kwenye meno. Nikaingiza segma: mwezi mwembamba sana. Nikapaka mafuta pistoni ya Papa, nikaiingiza na kuiacha, nayo ikashuka yenyewe, polepole, ikipumua, kama mtu anayeketi kwenye kiti chake.

Nikasema, "Njo hii."

"Mutoto huyu alifundishwa na nani?" akauliza Mama Furaha.

"Anaijua tu," akasema Papa Mudogo, na sikuelewa kwa nini sauti yake ilikuwa nzito.

Lakini Mama Furaha hakutaka pesa. Barabara ilikuwa imekatika upande wa juu, malori hayafiki, soko halina kitu. "Makuta nitayavaa?" akasema. "Mutoto yangu anaoa Jumamosi, siku ya poso. Anaoa na nini? Na tishati ya kampeni? Nimezunguka Mpofi yote, shemize nyeupe ya mwanaume hakuna." Wakati huo nilikuwa nikipanga kikapu ili chuma kikae vizuri, na ule mfuko wa plastiki ukaonekana, nguo nyeupe ndani yake. Macho yake yakatua pale.

"Na ile?"

Nikaukumbatia mfuko.

"Ile njo natafuta! Mama yangu, angalia, na vifungo vya mufupa. Munipe hiyo, mubebe ya chuma. Shemize kwa shemize. Hakuna mwenye kupoteza."

Nilijua Mapendo anatungoja, Jeremi anatungoja, mahindi yanakauka shambani. Nilijua vilevile kwamba katika ulimwengu wote hakuna nguo nyingine iliyobaki yenye umbo la mabega ya baba yangu. Nilishika plastiki ile mpaka ikapasuka. Nilikuwa nasubiri Papa Mudogo anyooshe mkono kuichukua, kama mkubwa anavyochukua kitu kwa mtoto, na nilikuwa nimekwisha kumchukia kwa ajili ya hilo.

Alitugeuzia mgongo. Alivua koti lake, akalitundika kwenye tawi. Akafungua kifungo cha juu, na vingine vyote, bila haraka, akavua shemize yake, akaikunja, mikono ndani, kola juu. Akalivaa tena koti.

"Kamata hii, Mama. Kola imegeuzwa mara moja, lakini nyeupe iko nyeupe. Ile ya mutoto iko ya marehemu. Ile haitoki."

Mama Furaha aliipokea, sauti yake kubwa imemwisha. "Na weye, Papa? Utavaa nini?"

"Niko na koti."

Koti lile halikuwa na vifungo hata kimoja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tulirudi, mimi na chuma mgongoni kilichofungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga, yeye na koti lake akilishika kwa mkono mmoja. Kila alipoinua mkono kusalimia, koti lilifunguka. Watu waliona mbavu zake, nywele nyeupe za kifua, kitovu. "Papa Katekista, balikuibia?" waliuliza wengine kwa huruma. Wengine hawakuwa na huruma: "Ee, Papa! Bibi iko nafua?" Yeye aliwajibu wote, akauliza wagonjwa wao kwa majina. Na mimi, niliyebeba mgongoni kitu alichokinunua kwa ngozi yake, nilitaka ardhi inifunike.

Mahali fulani tulikutana na watoto wanatoka shule, sare zao safi, madaftari kifuani. Mmoja akaanza, wote wakafuata: "Papa bila shemize! Papa bila shemize!" Nikapunguza mwendo. Sikuamua, miguu iliamua. Niliacha nafasi kati yetu, kiasi cha kutosha ili mtu anayetazama adhani msichana yule anatoka kwake na mzee yule anatoka kwake.

Alisimama. Aligeuka, akapima ile nafasi kwa macho kama mimi nilivyopima mwanga wa segma. Nilitazama chini. Nilingoja maneno.

"Pita mbele na chuma yako," akasema kwa upole. "Mimi nitakuja nyuma, polepole. Magoti inaniuma."

Magoti yake hayakuwa na kitu. Alikuwa amepanda vilima vile maisha yake yote. Nikapita. Nikatembea mbele yake mpaka baridi ikaanza tena, mpaka majani na ng'ombe, na sikugeuka, lakini nilimsikia akikohoa nyuma yangu, kikohozi kidogo cha mtu anayefunga koti kwa mkono.

Jumapili alisimama kanisani kusoma. Koti lilikuwa limefungwa kwa pini ya nepi, na shingoni amezungusha kitambaa cha mke wake. Alipotaka kuanza, mkono ukapanda kutafuta kifungo, ukakosa, ukashuka. Nyuma yangu watu walinong'ona. Nilikuwa na ile nyeupe sandukuni, hatua chache tu kutoka kanisani. Niliifikiria. Nilibaki nimekaa.

Moteri ilifungwa mahindi mapya yalipoanza kushuka. Fundi Bahati aliipitisha pistoni mbele ya watu, akapiga kelele, "Leo inavaa! Mama Shemize ameichagulia!" Manivela ikazunguka, ikazunguka, moteri ikapiga chafya, halafu ikashika, na kilima kikasikia. Moshi haukuwa wa buluu. Shangazi, aliyekuwa amekuja tena na kikapu cha kumchukulia Mapendo nguo, alikifungua kikapu kile akamimina ndani yake unga wa kwanza, akarudi nao Buleusa peke yake. Papa Mudogo alisimama pembeni, akaweka kiganja mbele ya bomba la moshi, akakiangalia: kilikuwa kikavu, bila tone la mafuta. Aligusa shingo yake. Baadaye mashini ilimnunulia mashati, alivaa moja baada ya jingine mpaka yote yakaisha kola, na hatukuzungumza hata mara moja juu ya Mpofi.

Basi nikasimama pale kitandani, nikarudi kwenye msiba na shemize mikononi. Nilipita kati ya watu waliokaa kwenye majani. Fundi Bahati alikuwa pale, mzee sasa, na fimbo. Aliniona naja na ile nguo nyeupe kwa mikono miwili, vilevile kama siku ile, na midomo yake ikatikisika. Lakini hakucheka. Alishika fimbo akasimama, na waliokuwa karibu naye wakasimama.

Wanaume walimvalisha. Niliomba kifungo cha juu nikifunge mimi, wakanipisha. Papa alikuwa na shingo nene. Papa Mudogo, mwisho wake, alikuwa amebaki kama fimbo. Nilipitisha kidole ndani ya kola, nikakizungusha taratibu, kama nilivyofundishwa. Nafasi ilikuwa kubwa. Mwanga ulipita pande zote.

"Inamutosha?" akauliza Jeremi mlangoni.

"Inamutosha," nikasema, nikafunga.